Mgeni njoo, lakini mwenyeji wa Garissa atapona lini?

Na MWANDISHI WETU

RAIS William Ruto alipotangaza katika sherehe za Jamhuri, Desemba 12, 2023, kwamba Kenya ingefuta viza kwa wageni wote kuanzia Januari 2024, habari hizo zilisambaa upesi katika miji mikuu ya dunia. Mawakala wa usafiri wa Mumbai na Delhi walikuwa miongoni mwa waliozipokea kwa hamu. Hata hivyo, katika mji wa Garissa tangazo hilo lilizua swali ambalo halikuulizwa sana jijini Nairobi: ikiwa mlango umefunguliwa kwa mgeni, utafunguliwa lini kwa mwenye nyumba?

Ili kulielewa swali hili, yafaa kwanza kutazama mambo yanavyokwenda nchini India. Taifa hilo lina watu zaidi ya bilioni 1.4, na tabaka la wenye kipato cha kati limepanuka kwa kasi katika miongo miwili iliyopita. Familia nyingi zina fedha za kusafiri lakini zina likizo fupi. Siku tatu au nne za sikukuu ya Diwali, au wikendi iliyorefushwa na sikukuu ya kitaifa, ndizo nafasi zao.

Kikwazo chao kimekuwa karatasi. Pasipoti ya India haiwafungulii wenyewe milango ya Ulaya, Uingereza wala Marekani bila viza, na viza hizo huhitaji taarifa za benki, barua za mwajiri, alama za vidole na miadi ya ubalozini. Mnamo 2022, baada ya janga la Covid-19, waombaji wa mara ya kwanza wa viza ya matembezi ya Marekani katika baadhi ya miji ya India walitakiwa kungoja zaidi ya mwaka mmoja ili wapate miadi ya mahojiano.

Mtu anayeamua Jumanne kwamba angependa kusafiri Ijumaa hawezi kungoja mwaka mzima. Atakwenda kule ambako mlango uko wazi. Serikali za Asia zililitambua jambo hilo mapema. Thailand iliondoa sharti la viza kwa Wahindi mnamo Novemba 2023, na Malaysia ikafuata Desemba mwaka huo huo. Nchi hizo hazikufanya hivyo kwa huruma. Zilipiga hesabu zikaona kwamba ada ya viza ni fedha kidogo mno ikilinganishwa na kile ambacho mgeni hutumia hotelini, sokoni na katika teksi.

Kenya nayo iliingia katika ushindani huo. Badala ya viza, mgeni sasa hujaza fomu ya idhini ya usafiri kwa njia ya mtandao, hulipa dola 30 za Marekani na kushauriwa kutuma maombi siku tatu kabla ya safari. Wapo waliolalamika kwamba hiyo ni viza iliyobadilishwa jina, hasa raia wa nchi za Afrika ambao hapo awali waliingia Kenya bila kulipa chochote. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na ndiyo sababu Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuondolewa kwa sharti hilo kwa nchi zote za Afrika isipokuwa mbili: Libya na Somalia.

Lakini kwa mkazi wa Mumbai, mabadiliko yalikuwa mepesi na ya manufaa. Ndege ya moja kwa moja humfikisha Nairobi kwa saa chache. Akiwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nchi yake humtaka akionyeshe arudipo, na ile idhini ya mtandaoni, anaweza kuwatazama simba wa Maasai Mara wikendi hiyo hiyo. Hakuna anayemwuliza babu yake alizaliwa wapi.

Swali la babu

Mkazi wa Garissa ameulizwa swali hilo mara nyingi.

Kwa miongo kadhaa, kijana aliyetimiza umri wa miaka 18 katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hakupewa kitambulisho cha kitaifa kwa utaratibu uleule aliofuata mwenzake wa Nyeri au Machakos. Alitakiwa kufika mbele ya jopo la kupiga msasa lenye wazee, chifu na maafisa wa serikali. Aliombwa vitambulisho vya wazazi wake, na mara nyingine stakabadhi za babu na nyanya yake, watu ambao huenda walizaliwa malishoni na kufariki bila kuandikishwa popote. Majopo hayo hayakukaa kila siku. Aliyekosa kikao kimoja alingoja kingine, na kungoja huko kuliweza kuchukua miezi, hata miaka.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichapisha uchunguzi kuhusu utoaji wa vitambulisho mnamo 2007 na kuonyesha ubaguzi huo dhidi ya jamii za mipakani, Wanubi na Waislamu wa pwani. Mnamo 2015, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri la Wanubi wa Kenya, kwamba upigaji msasa wa aina hiyo ulikuwa wa kibaguzi.

Kitambulisho si kipande cha plastiki tu. Bila hicho mtu mzima hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki, kupiga kura wala kuomba pasipoti. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kutumia kitambulisho cha kitaifa pekee. Kijana wa Kisumu anaweza kuamka asubuhi, akapanda basi na kulala Kampala. Huo ndio usafiri wa ghafla kwa Mkenya wa kawaida: hauhitaji viza, hauhitaji pasipoti, na nauli yake si kubwa. Lakini ufunguo wake ni kitambulisho kile kile ambacho kijana wa Garissa alinyimwa au kucheleweshewa.

Hata safari ya kwenda Nairobi ilikuwa na mpaka wake. Barabara ya kutoka Garissa, yenye urefu wa takriban kilomita 370, huanza kwa kuvuka daraja la Mto Tana. Abiria wa mabasi ya njia hiyo wanavijua vyema vizuizi vya polisi ambako huamriwa kushuka, kupanga foleni na kuonyesha vitambulisho. Asiyekuwa nacho huachwa nyuma, au hujikomboa kwa njia ambayo kila msafiri anaijua.

Mizizi ya kale

Hali hii haikuzuka jana. Serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa mnamo 1926, na sheria ya 1934 kuhusu wilaya maalumu ikaimarisha utaratibu wa vibali. Mtu wa huko hakuruhusiwa kwenda kusini bila ruhusa, na mtu wa kusini hakuruhusiwa kwenda huko bila ruhusa. Kwa maneno mengine, viza ya ndani ya nchi ilikuwapo huko kabla Kenya haijawa nchi huru.

Uhuru haukuiondoa. Siku chache baada ya Desemba 12, 1963, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo kufuatia uasi wa waliotaka kujiunga na Somalia, vita vilivyoitwa vya Shifta. Vita hivyo vilimalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Katika kipindi hicho kulitokea mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, na kabla ya hapo, mnamo Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto katika msako wa vikosi vya usalama.

Mnamo Novemba 1989, serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa upya. Waliofaulu walipewa kadi maalumu za rangi ya waridi, ambazo walipaswa kuzibeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kuthibitisha uraia wake mara mbili kwa namna hiyo.

Kisha, 1991, serikali ya Somalia ikaanguka na kambi za Dadaab zikaanzishwa katika kaunti ambayo leo ni Garissa. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo jingine ambalo athari zake zimeonekana miaka mingi baadaye. Wakati wa ukame, familia za Wakenya waliopoteza mifugo ziliona kwamba upande wa pili wa uzio kulikuwa na chakula, maji, shule na zahanati. Baadhi zilijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wao wale. Alama za vidole za watoto hao zikaingia katika kumbukumbu za wakimbizi.

Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mtambo uliwatambua kuwa raia wa Somalia. Idadi yao imekadiriwa kuwa takriban 40,000. Hawa ni watu waliozaliwa Kenya na wazazi Wakenya, ambao kosa lao lilikuwa njaa. Shirika la Haki na Sheria lenye makao yake Garissa limekuwa likiwatetea kwa miaka mingi, hadi mahakamani.

Hoja ya usalama

Si haki kuzungumzia suala hili bila kuipa nafasi hoja ya upande wa pili. Kaskazini Mashariki inapakana na nchi ambayo imekuwa na vita kwa zaidi ya miaka 30. Mnamo Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililotekwa karibu na Mandera. Aprili 2, 2015, washambuliaji wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hakuna serikali inayoweza kupuuza mambo hayo, wala hakuna mkazi wa Garissa aliyesahau asubuhi ile.

Aidha, ni kweli kwamba vitambulisho na pasipoti za Kenya zimewahi kuuzwa kwa wasiostahili. Wanaotetea upigaji msasa husema kwamba bila kichujio, mpaka mrefu ulio wazi ungegeuza uraia wa Kenya kuwa bidhaa ya sokoni.

Lakini hoja hii ina nyufa mbili. Ya kwanza ni kwamba msasa wenyewe ndio uliozalisha soko. Pale ambapo mwenye haki hunyimwa, afisa mwenye muhuri hupata bei ya kuuza. Maskini wa Ijara au Fafi ambaye ni Mkenya halisi hukosa, ilhali tajiri mgeni aliye na fedha hupata. Kichujio kinachomzuia mwenyeji na kumpitisha mwenye pesa hakilindi usalama wa mtu yeyote.

Ufa wa pili ni kwamba wafuasi wa Al-Shabaab si wote wa jamii inayopigwa msasa. Mmoja wa washambuliaji wa chuo kikuu, kwa mujibu wa serikali yenyewe, alikuwa mwana wa chifu kutoka Mandera aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba kundi hilo lilikuwa limewasajili vijana kutoka pembe nyingi za Kenya na Afrika Mashariki. Uhalifu ni wa mtu na fikra zake. Kuwahukumu watu wa kaunti tatu, ambazo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi takriban milioni 2.5 ndani yake, ni kuwapa magaidi hoja wanayoitafuta.

Inafaa pia kulinganisha. Idhini ya usafiri anayopewa mgeni hutegemea ukaguzi wa taarifa zake binafsi: pasipoti yake, safari yake, mahali atakapolala. Ni ukaguzi wa mtu mmoja mmoja. Mkenya wa Garissa amekuwa akikaguliwa ukoo na kabila. Ikiwa serikali ina uwezo wa kumchunguza mtu asiyemjua, aliye umbali wa maelfu ya kilomita, kwa siku tatu, haiwezi kudai kwamba inahitaji miezi mingi kumchunguza mtu aliyezaliwa katika hospitali yake na kufanya mtihani katika shule yake.

Tangazo la Wajir

Mnamo Februari 2025, Rais Ruto alizuru eneo hilo, na mjini Wajir akatia saini tangazo la kukomesha upigaji msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho kutoka kaunti za mipakani. Alisema kwamba Wakenya wote watatumia utaratibu mmoja. Shangwe zilizosikika siku hiyo hazikuwa za kisiasa tu. Wengi waliokuwapo walikuwa na mwana, binti au ndugu aliyewahi kurudishwa na jopo.

Tangazo hilo lilizua ubishi. Baadhi ya wanasiasa walidai kwamba lilikuwa mtego wa kura za 2027 na kwamba lingewafungulia wageni mlango. Wengine walihoji uhalali wake kisheria. Ubishi huo unaonyesha udhaifu mmoja ambao wakazi wa Garissa hawana budi kuuzingatia: kilichotolewa kwa tangazo kinaweza kuondolewa kwa tangazo. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura 107, bado inampa msajili mamlaka ya kudai ushahidi wa ziada. Bila marekebisho ya Bunge, kijana atakayetimiza miaka 18 chini ya serikali nyingine hana hakika ya kukuta mlango ulipoachwa.

Tena, kitambulisho ni ngazi ya kwanza tu. Ngazi ya pili ni pasipoti. Ada ya pasipoti ya kurasa 34 ilipandishwa Machi 2024 kutoka takriban Sh4,500 hadi takriban Sh7,500. Kwa familia ya wafugaji iliyopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, hizo si fedha ndogo. Kwa miaka mingi pia, mkazi wa Mandera aliyehitaji pasipoti alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Nairobi, na akifika huko alihojiwa upya kuhusu uraia wake hata kama kitambulisho anacho mkononi.

Safari za lazima

Huenda msomaji akauliza: kwani mfugaji wa Garissa ana haja gani ya safari za ghafla za ng'ambo? Swali hilo lenyewe lina dharau ndani yake, lakini lina majibu.

Safari ya ghafla kwa tajiri wa Mumbai ni starehe. Kwa mkazi wa Garissa mara nyingi ni dharura. Wagonjwa wengi wa Kenya wa saratani, figo na moyo hutafuta matibabu India, na nchi hiyo hutoa viza ya matibabu kwa njia ya mtandao. Mwendo wa kinyume wa njia ile ile ni wa kuhuzunisha: Mhindi huja Kenya kuona wanyama, Mkenya huenda India kutafuta uhai. Jamaa wanaweza kuchanga fedha kwa siku mbili, maana jamii hii inajua kuchangiana. Ubalozi unaweza kujibu haraka. Lakini kama mgonjwa hana pasipoti kwa kuwa hana kitambulisho, ugonjwa hautamngoja jopo likutane.

Zipo pia safari za ibada, za Hija na Umra, ambazo Mwislamu huziwekea akiba kwa miaka. Zipo safari za biashara za kwenda Dubai, ambako wachuuzi wa Garissa na Eastleigh hununua nguo na vifaa vya umeme. Mfanyabiashara anayechelewa mwezi mmoja hukuta bei imebadilika na mwenzake amelijaza soko.

Na ipo safari fupi kuliko zote: ya kuvuka mpaka. Somalia ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kwa mujibu wa mkataba wa jumuiya, watu wa nchi wanachama wanapaswa kutembea kwa uhuru. Mei 2023, Kenya na Somalia zilikubaliana kufungua tena vituo vya mpakani kwa awamu, kikiwemo cha Liboi katika kaunti ya Garissa, lakini Julai mwaka huo ufunguzi uliahirishwa baada ya mashambulizi kuongezeka. Kisha ndiyo Somalia ikaachwa nje ya msamaha wa Januari 2025. Kwa hiyo Wakenya wa Liboi wameshuhudia raia wa nchi za mbali wakipewa njia rahisi zaidi ya kufika Kenya kuliko jamaa zao wa Dhobley, walio umbali wa kutembea kwa miguu.

Kipimo cha ukweli

Wanaoitetea sera ya mipaka wazi husema kwamba wageni wataleta fedha zitakazomfikia kila Mkenya. Huko Garissa ahadi hiyo bado iko mbali. Kaunti hiyo ina hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, na huko Ishaqbini anatunzwa hirola, paa ambaye ni miongoni mwa wanyama walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Lakini serikali za magharibi zimewaonya raia wao kwa miaka mingi wasifike huko, na mtalii wa wikendi hashuki kutoka ndege ya Mumbai na kuelekea Garissa. Fedha zake hubaki Nairobi, Mara na Diani.

Basi faida ya mlango wazi kwa watu wa Kaskazini Mashariki haiwezi kupimwa kwa idadi ya watalii. Itapimwa kwa mambo manne. Je, Bunge litaliingiza tangazo la Wajir katika sheria? Je, majina ya Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi yataondolewa kwenye kumbukumbu hizo hadi mtu wa mwisho? Je, mwenye kitambulisho ataweza kupata pasipoti karibu na kwao bila kuhojiwa ukoo? Na je, abiria wa basi la Garissa atafika Nairobi akiulizwa yale tu anayoulizwa abiria wa basi la Nakuru?

Katiba ya 2010 imekwisha kujibu. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na stakabadhi za usajili, na Kifungu cha 39 kinampa haki ya kutembea na ya kutoka nchini. Havikutaja kaunti wala ukoo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kenya imetekeleza nusu ya kwanza ya methali hiyo kwa haraka ya kusifika. Nusu ya pili haihitaji mtambo mpya wala dola 30. Inahitaji serikali imwamini mwananchi wake walau kwa kiwango kile inachomwamini mtalii.